Kilo Hamsini na Saba

Mizani ya sufu hapa kiwandani Erdenet haina adabu:
imenipakata kama robota lolote,
ikasema hamsini na nane na robo.
Jumamosi, kule Darkhan, nikizidi hamsini na saba
sitapandishwa mkekani, nitapandishwa basi.

Kwa hiyo chai yangu haina maziwa siku hizi,
na maandazi ya kondoo nayasukuma upande wa mwanangu
huku nikimeza mate.
Temuulen ana miaka tisa. Anauliza,
"Mama, ukiangushwa utalia?"
Bado sijamjibu.

Miaka thelathini na sita, mkanda wa njano.
Wenzangu wa rangi hii wanang'oka meno ya utotoni.

Kocha Dashnyam hana maneno mengi,
na nusu ya hayo anayakohoa.
"Usibebe mitupo kumi kama mchuuzi wa soksi.
Beba miwili,
na wa pili uzaliwe na wa kwanza."

Wa kwanza ni mtama wa ndani:
mguu wangu unapenya kati ya miguu yake
kama mshindio katika mtande, unafyeka.
Akilala, hewala, tumemaliza.
Asipolala atanisukuma,
maana hajazaliwa asukumwaye asisukume,
na msukumo wake ndio nauli yangu:
nageuka, nachuchumaa chini ya kwapa lake,
naukumbatia mkono kama wa mtoto anayevuka barabara,
bega,
na dari inabadilisha upande.

"Lakini vunja mizani yake kwanza!" Kikohozi.
"Mtu aliyesimama sawa ni jabali.
Mtu aliyesimama kwa visigino
ni mlango uliorudishwa tu, haukukomewa."

Usiku, zamu ikiisha, nabaki ghalani.
Nimekunja zulia la mita tatu, nimelifunga mkanda kiunoni,
nimelitupa mara mia mbili.
Zulia ni adui mwema.
Halina hila, halinuki vitunguu,
halikabi roba,
na tangu juzi halinifundishi kitu.

Aliyenifundisha ni Nomin-Erdene, miaka kumi na sita,
baada ya kunila mwereka wa saba mfululizo:
"Shangazi, kabla hujaingia unabana midomo.
Kila mara. Hata kipofu angekuona."

Nikanuna. Nikaenda kwenye kioo cha chooni,
nikajitupia hewa, nikatazama.
Kweli tupu. Midomo ile ile
ninayoibana nikikaza fundo la mwisho la ua,
nikimwambia baba Temuulen, aliye Korea,
kwamba pesa zimetosha.

Siku tatu nilijaribu kuilegeza.
Mwambie kuku atembee bila kutikisa kichwa.
Siku ya nne nikaacha kugombana nayo.
Nikaiajiri.

Darkhan. Ukumbi unanuka jasho na mafuta ya kuchulia misuli.
Nimevua soksi, nimevua pini za nywele,
mizani ya mwamuzi imesema hamsini na sita na nukta tisa,
na mimi nimesema asante, kwa mizani, kwa sauti.

Yeye ana kama miaka ishirini, shingo ya kigogo cha mti.
Kivazi chake cha judo kimepigwa pasi.
Nani hupiga pasi nguo ya kuburutwa?
Tukainamiana.

Mkono wangu wa kushoto ukatangulia, ukanasa kiwiko cha nguo yake.
Vidole hivi vimefunga mafundo miaka kumi na minne;
kinachoingia humo hutoka kwa ruhusa.
Akanitazama usoni, kama wanavyofundishwa wote.

Nikabana midomo.

Akajikaza, akautupa uzito wake wote nyuma
kuipokea radhi yangu.
Radhi haikuja.
Nikapumua, midomo wazi,
nikatazama chini
nikaona vidole vyake vya miguu vikiuachia mkeka.